Vyakula vya Asia vinavyosifika kwa ukali: vipi vinapikika hapa Tanga?

Mtoto wa Chumbageni:

Habari za jioni wakuu. Mwisho wa mwezi nina wageni 12 nyumbani na wameomba vyakula vikali vya Asia, siyo biriani wala pilau tulivyozoea. Majina yanayotajwa sana ni rendang, som tam, laal maas, mapo tofu, vindaloo na tom yum. Nahitaji tatu au nne zinazopikika kwa vitu vya hapa mjini, au vya kuagiza Dar ikibidi. Kwenye kundi kuna wawili wasiokula nyama nyekundu. Nina majiko mawili ya mkaa na moja la gesi.

Naomba mnisaidie mambo matatu: kipi nianze nacho, kipi nikiache kwa sababu kiungo chake hakina mbadala, na pilipili gani ya soko la Mgandini ishike nafasi ya zile zao.

---

Kaango la Chuma:

Mkuu, tuanze na pilipili, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu.

Mgandini zitakufaa aina tatu. Pilipili kichaa, zile ndogo nyembamba, ndizo za karibu zaidi na zile wanazotumia Thailand. Kwa kipimo cha ukali cha Scoville, alichokibuni Wilbur Scoville mwaka 1912, zinakaa kati ya 50,000 na 100,000. Pilipili mbuzi, zile za mviringo zenye mikunjo na harufu kama ya tunda, huenda 100,000 hadi 350,000. Halafu kuna pilipili ndefu nyekundu, mbichi au kavu, ambazo ukali wake hubadilika kufuatana na shamba, kwa hiyo onja kincha cha moja kabla ya kununua robo.

Sasa linganisha na pilipili ya Kashmiri ya India: ni 1,000 hadi 2,000 tu. Ndiyo maana mapishi ya Kihindi yanaandika "pilipili kavu 25" bila wasiwasi. Wanatafuta rangi na mwili wa mchuzi. Ukitia 25 za kavu za hapa, hakuna atakayemaliza tonge la pili. Mbadala wangu ni pilipili kavu 6 hadi 8 za kawaida pamoja na vijiko 2 vya chakula vya paprika, ule unga mwekundu wa pilipili isiyo kali. Rangi inatoka kwenye paprika, ukali unatoka kwenye zile chache. Maduka ya viungo ya Wahindi mjini huwa na unga wa Kashmiri, na ukiupata huna haja ya mchanganyiko huo.

Kingine, ukali haukai kwenye mbegu. Unakaa kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu ndani. Ukitaka kupunguza, pasua pilipili na kukwangua utando wote. Kukung'uta mbegu peke yake hakusaidii sana. Na baada ya kukata, paka mikono mafuta ya kula kwanza, ipangusie kitambaa, ndipo uoshe kwa sabuni. Kile kinachowasha huyeyuka kwenye mafuta, maji matupu yanakisambaza tu. Sababu ni hiyo hiyo inayofanya mtindi na maziwa vimtulize mgeni aliyezidiwa, wakati maji ya baridi hayamsaidii. Weka jagi la mtindi mezani.

---

Mkunaji:

Anza na rendang. Ni ya Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, Indonesia, na kwa mpishi wa Tanga hakuna sahani ya karibu kuliko hiyo kwa sababu kazi yake yote ni nazi.

Ila kuna jambo litakalokusumbua moyo. Sisi tumelelewa tukiambiwa tui lisikatike: simama jikoni, chota, mimina, chota, mimina, mpaka lichemke. Kwenye rendang tui lazima likatike. Mafuta yake yakijitenga ndiyo yanayokaanga nyama mwishoni, na pasipo hatua hiyo unachopakua ni mchuzi wa nazi wenye pilipili, mtamu sawa, lakini siyo rendang.

Kwa kilo 1 ya nyama ya ng'ombe tumia nazi 3 kubwa zilizokomaa. Ukiitikisa usikie maji yakicheza. Usichukue koroma, halina mafuta ya kutosha. Kuna, kamua tui zito la kama vikombe 2, kisha rudia machicha kwa maji ya vuguvugu upate tui jepesi vikombe 4. Tui la boksi mengi yametiwa vitu vya kulizuia lisijitenge, ndiyo maana watu wanachemsha saa nne na mafuta hayaonekani.

Nyama iwe ya paja au mkono, yenye nyuzi na mafuta kidogo. Kata vipande vya sentimita 4 hadi 5. Ukikata vidogo kama vya pilau vitasagika kabla mchuzi haujakauka.

Saga pamoja: pilipili ndefu nyekundu mbichi gramu 150 (au kavu 15 ulizoloweka, kama si kali sana), vitunguu maji vidogo gramu 250, kitunguu saumu punje 6, tangawizi ya sentimita 3, manjano mbichi sentimita 2, na khulinjani, mzizi wa jamii ya tangawizi. Hiyo khulinjani wanayo wauza dawa za kisunna, huwa kavu. Chukua kipande cha urefu wa kidole gumba, loweka saa 1 kwenye maji ya moto, kisha ponda kwanza peke yake maana ni ngumu kuliko vingine. Tangawizi haishiki nafasi yake, harufu ni tofauti kabisa. Pembeni weka mashina 3 ya mchaichai yaliyopondwa na majani 5 ya mndimu. Ukimpata mkulima wa manjano, muombe jani moja bichi, lifunge fundo ulitumbukize. Jani hilo ndilo linaloleta harufu ya Sumatra yenyewe.

Tia tui jepesi, viungo vilivyosagwa na majani kwenye sufuria pana, chemsha dakika 15 ndipo utie nyama. Usifunike hata mara moja, mvuke lazima utoke. Baada ya saa 1 tia tui zito na upunguze moto uwe unatokota pole pole. Wenyewe wana majina ya hatua. Mchuzi ukiwa mwepesi ni gulai. Ukiwa mzito wa kahawia hafifu na nyama imelainika ni kalio, na wengi wanaishia hapo wakidhani wamefika. Endelea. Kuanzia hapo koroga kila dakika 3 hadi 5 ukikwangua chini kwa mwiko wa mti, kwa sababu machicha madogo na viungo vinashika sufuria haraka. Mafuta yatapanda juu kama duara za rangi ya chungwa, povu litabadilika kutoka kubwa la maji kuwa dogo zito, na mlio utageuka kutoka kutokota kuwa kukaanga. Sikiliza mlio huo. Toka hapo ni dakika 30 hadi 45 za kugeuza mfululizo kwa moto mdogo, mpaka viungo vigande kwenye nyama na rangi iwe ya kahawia iliyokoza. Jumla ni saa 3 na nusu hadi 4.

Chumvi tia mwishoni. Ukipima wakati mchuzi ni vikombe 6, utakapokauka itakuwa chungu ya chumvi.

Kwa mkaa, sufuria ikishafika kalio toa nusu ya makaa na ufunike yaliyobaki kwa majivu. Gesi pia sawa, ila moto wake hujikusanya katikati, kwa hiyo geuza sufuria mara kwa mara.

---

Kisosora Jikoni:

Kwa wale wawili wasiokula nyama nyekundu, pika samaki. Tena usitafute mbali: Hunan, China, wana kichwa cha samaki kilichofukizwa kwa mvuke chini ya tabaka la pilipili nyekundu zilizochachushwa. Wao hutumia samaki wa maji baridi mwenye kichwa kikubwa. Hapa nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi ukatafute kichwa cha chewa au kolekole cha kilo 1 hadi 1 na nusu, mwambie muuzaji akipasue katikati bila kukitenganisha upande wa juu, ili kilale bapa kwenye sinia.

Pilipili lazima uanze mapema, siku 7 hadi 10 kabla. Nusu kilo ya pilipili ndefu nyekundu, osha zikiwa na vikonyo vyake, kausha kabisa juani au kwa kitambaa, ndipo ukate vikonyo. Ukivitoa kabla ya kuosha, maji yanaingia ndani na chupa inaota ukungu. Katakata kwa kisu, usitie kwenye blenda, itakuwa uji. Changanya na chumvi gramu 50, kitunguu saumu gramu 50, tangawizi gramu 30 na kijiko 1 cha chai cha sukari. Jaza kwenye chupa kavu uache nafasi ya sentimita 3 juu, funika, weka kivulini. Kwa joto la Tanga siku ya pili au ya tatu inaanza kutoa vipovu, kwa hiyo fungua kifuniko kidogo kila siku upepo utoke. Usipunguze chumvi chini ya hapo kwa kuogopa ukali wa chumvi, ndiyo inayozuia kuoza. Ukiona nyuzi nyeupe au nyeusi zenye manyoya, mwaga chupa nzima.

Siku ya kupika sugua kichwa kwa chumvi kidogo, tangawizi na ndimu, kiache dakika 10, kisha ukikaushe. Kitandike juu ya vipande vya tangawizi, funika kwa vikombe 1 na nusu vya pilipili zako. Maji yawe yanachemka kwa nguvu kabla hujaweka sinia ndani. Dakika 12 kwa kilo 1, dakika 15 kwa kilo 1 na nusu. Jicho likishatokeza na kuwa jeupe, na nyama ya shavu ikiachia mfupa ukiigusa kwa uma, imeiva. Mwisho nyunyiza majani ya vitunguu na umimine vijiko 3 vya mafuta yaliyopata moto mpaka yanafuka. Mlio ule wa mafuta kwenye pilipili ndio unaofungua harufu, usiuruke.

Samaki huyu hahitaji chumvi nyingine, pilipili imeshabeba yote.

---

Ngamiani Barabara ya Nane:

Ongeza vindaloo. Ni kali na ni rahisi: kuku, viazi, nyanya ya kopo, pilipili mbuzi 4, umemaliza.

---

Bizari Nzima:

Ndugu yangu wa Barabara ya Nane, nakuheshimu, lakini hicho ni rosti ya kuku yenye pilipili. Jina vindaloo watu wamelisikia kama "aloo", yaani kiazi, wakatia viazi. Asili yake ni vinha d'alhos ya Wareno waliotawala Goa, India, hadi mwaka 1961, nyama iliyolowekwa kwenye mvinyo au siki na kitunguu saumu. Na Wareno hao hao ndio walioipeleka pilipili yenyewe India katika karne ya 16 kutoka Amerika; kabla yake ukali wa India ulikuwa wa pilipili manga na tangawizi. Kwa hiyo vindaloo isiyo na siki haina kinachoifanya iitwe vindaloo. Goa hutumia siki ya tembo la mnazi. Kwa kilo 1 ya nyama weka siki mililita 100, pilipili za Kashmiri 12, kitunguu saumu punje 10, bizari nzima, karafuu, mdalasini, pilipili manga. Vyote visagwe kwenye siki hiyo hiyo bila tone la maji, nyama ilale humo usiku kucha kwenye bakuli la kioo au plastiki. Sufuria ya alumini inaliwa na siki na nyama inapata ladha ya bati. Wenyewe hutumia nguruwe. Mbuzi au kuku wa kienyeji wanafaa.

Hata hivyo kwa shughuli ya wageni 12 mimi ningempa nafasi laal maas badala yake. Ni mchuzi mwekundu wa nyama wa Rajasthan, India, ukali wake na rangi yake vyote vinatoka kwenye pilipili za Mathania, karibu na Jodhpur. Nyanya haitiwi.

Mbuzi kilo 1 na mifupa yake. Pilipili zako, kwa hesabu aliyotoa Kaango la Chuma hapo juu, loweka dakika 30 kwenye maji ya moto, saga laini na kitunguu saumu punje 12. Pasha samli gramu 150, tia hiliki 4, karafuu 6, kijiti cha mdalasini na kijiko 1 cha bizari nzima, halafu vitunguu maji 3 hadi viwe vya kahawia kweli kweli. Nyama ikaangike humo dakika 10, kisha tia pilipili iliyosagwa na moto uwe mdogo. Pilipili ikiungua hapa mchuzi unakuwa mchungu na hakuna kiungo kitakachoufunika.

Mtindi ndio unaowashinda watu. Uwe mzito kikombe 1, uupige mpaka ulainike, usitoke moja kwa moja kwenye friji. Epua sufuria, tia kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga, rudisha motoni na usiache kukoroga hadi uchemke tena. Ukiumimina wote kwa mara moja kwenye moto mkali unakatika vijidonge vidogo vyeupe, na hapa, tofauti na tui la rendang, kukatika ni hasara. Kisha maji vikombe 3, funika, saa 1 na nusu.

Mwisho unafukizwa. Weka kibakuli kidogo cha chuma juu ya nyama, ndani yake kaa la moto lililowaka jekundu, karafuu 2, kijiko cha samli juu yake, funika papo hapo dakika 5. Ni kazi ile ile ya chetezo na udi kwenye nguo. Ukizidisha dakika 10 chakula kinanuka jiko.

---

Mtoto wa Chumbageni:

Nawashukuru sana, nimeelewa zaidi ya nilivyotegemea. Kwa hiyo rendang, kichwa cha samaki, laal maas. Vipi som tam na mapo tofu? Na ratiba iweje nisikwame siku yenyewe?

---

Kaango la Chuma:

Mapo tofu iache. Ni sahani ya tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, ya mji wa Chengdu, Sichuan, China, na imesimama juu ya vitu viwili ambavyo havibadilishiki. Kwanza doubanjiang ya Pixian, pilipili iliyochachushwa na maharage mapana kwa muda mrefu. Pili huajiao, ambayo watu huiita pilipili ya Sichuan ingawa si pilipili. Hiyo haichomi, inatia ganzi: watafiti wa University College London mwaka 2013 waliipima wakakuta mdomo unahisi mtetemo wa kama mara 50 kwa sekunde. Ukali pamoja na ganzi ndiyo roho ya chakula cha Sichuan. Mti wa huajiao ni wa jenasi moja na mjafari wetu, lakini usije ukachukua magome ya mjafari ukaweka kwenye mchuzi, hiyo ni dawa na haina kipimo cha jikoni. Ukiagiza huajiao halisi siku moja, tumia ganda tu. Ile mbegu nyeusi ya ndani ni kama mchanga mdomoni.

Som tam pika, na iwe ndiyo kachumbari yako. Asili yake ni Laos na Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand. Papai liwe bichi kabisa, mbegu bado nyeupe. Chana nyuzi vikombe 4, loweka kwenye maji ya barafu dakika 10 utomvu utoke, kamua kwa kitambaa mpaka zikauke. Tumia kinu cha mti, siyo cha jiwe. Twanga pilipili kichaa 5 na kitunguu saumu punje 4 kwanza, tia sukari guru vijiko 3 iyeyuke, kunde changa za maganda zilizokatwa, kamba wakavu vijiko 2, nyanya ndogo 8 ziminywe tu. Kisha ndimu 3 na mchuzi wa samaki vijiko 4. Papai linaingia mwisho na hapo hutwangi tena: mkono mmoja unagonga taratibu, mwingine unageuza kwa kijiko. Ukilitwanga kwa nguvu linatoa maji na ndani ya dakika 5 una supu. Karanga juu. Mchuzi wa samaki ukikosekana, loweka vijiko 2 vya uduvi mkavu kwenye nusu kikombe cha maji ya moto yenye kijiko cha chai cha chumvi, chuja, tumia maji hayo. Siyo sawa na ule wa chupa, lakini yanaelekea. Kama kuna mjamzito kati ya wageni, mtengee kachumbari ya kawaida, papai bichi lina utomvu asioshauriwa kula.

---

Mkunaji:

Ratiba: pilipili za samaki uzianze siku 10 kabla. Rendang ipike siku moja kabla, kilo 1 na nusu inawatosha kwa sababu inaliwa kidogo kidogo na wali mwingi. Ikilala inakuwa bora zaidi. Iliyokauka sawasawa haiharibiki haraka, ila kwa unyevu wa pwani iweke kwenye friji ikishapoa, na siku ya pili ipashe kavu bila maji. Laal maas ianze saa 3 asubuhi kwenye mkaa. Papai likishachanwa likae kwenye friji ndani ya kitambaa, ndimu na pilipili ziwe tayari pembeni.

Wageni wakishanawa ndipo sinia la samaki liingie kwenye mvuke kwenye jiko la gesi, na ndani ya dakika hizo 12 unatwanga som tam. Itwange mara mbili, nusu nusu, maana vikombe 4 kwenye kinu kimoja havigeuziki.

---

Kisosora Jikoni:

Ukibakiwa na nazi moja, ongeza pol sambol ya Sri Lanka, haichukui hata dakika 10. Ponda kwanza pilipili kavu ya chenga vijiko 2 vya chai na chumvi na kitunguu kidogo mpaka iwe nyekundu ya kung'aa, tia ng'onda iliyokaushwa vizuri na kusagwa kijiko 1 (punguza chumvi, yenyewe ina chumvi), halafu nazi iliyokunwa na ndimu. Geuza na uponde kidogo tu mpaka nazi ipate rangi ya chungwa. Ukiponda sana mafuta yanatoka na inagandamana. Inaenda na mihogo ya kuchemsha kuliko hata na wali. Itengeneze mwisho kabisa na isikae mezani zaidi ya muda wa saa 4, nazi mbichi kwa joto letu inachacha.